Kadi Hazivuki Herufi ya K

Jumatatu, 2 Machi 1987
Bwana Ndambiri, meneja wetu hapa chama cha kahawa, kanikabidhi kazi ya kuchapa kadi za miche. Kila mkulima kadi moja, kila kadi miche hamsini. Zote zikitoka kabla ya Ijumaa, mimi ndiye mkuu wa chumba cha kompyuta. Zisipotoka, ni Karwirwa, mwenzangu wa chumba hicho. Nimeshamwambia mama. Naye ameshaliambia kanisa zima.

Jumanne, 3 Machi
Saa nne Karwirwa kafunga hifadhi ya data ili achukue nakala. Kazi yangu ikasimama! Nikamuuliza ana nini nami. Akasema hufunga kila baada ya saa mbili, na programu aliyoandika yeye inajua la kufanya: inatia alama ilipofikia, inangoja, hifadhi ikifunguliwa inaunganika tena na kuendelea pale pale. Kungoja? Huyu anataka nichelewe. Nimefuta mistari hiyo. Sasa ikikatika naiwasha upya mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi
Imekatika, nimewasha. Kadi zimerundikana hadi dirishani. Bwana Ndambiri kanipigapiga begani. Karwirwa kauliza kama nimesoma majina. Wivu tu. Maboksi yameondoka kwenda Githongo.

Ijumaa, 6 Machi
Githongo, kugawa miche. Sielewi. Mzee Kithinji kaja na kadi tatu, kachukua miche mara tatu, kaniombea baraka. Kagure, kadi tatu. Koome, tatu na mkokoteni. Kufika adhuhuri miche imekwisha, na Mzee Mwirigi, mwenyekiti wa chama, bado amesimama mikono mitupu. Nyuma yake Riungu. Nyuma ya Riungu mama yangu, Peninah, na wanawake wa kanisa aliokuja kuwaonyesha mwanawe. Mama alikuwa ameshachimba mashimo hamsini. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Karwirwa kaeleza mbele ya watu: kila nilipowasha, programu ilianza tena na A, ikakatwa kwenye K. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumatatu, 9 Machi
Karwirwa ndiye mkuu. Miche mingine inakuja Alhamisi, kwa waliokosa, na nimeomba kwa magoti nichape kadi zao. Kakubali, akasema nirudishe ile mistari. Ya nini? Kosa lilikuwa herufi ya kuanzia. Nimepanga programu ianze na Z irudi nyuma. Saa nne imekatika, nimewasha; saa sita tena, nimewasha tena. Rundo limeshapita la wiki jana, nami nimemwomba Karwirwa anitafutie lori.