Picha Thelathini na Sita za Buyenzi

Ndugu zangu wa Kigoma, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu thelathini na watano, na nina hasira hadi vidole vinakosea herufi. Nawaandikia kutoka chumba cha kompyuta hapa Bujumbura. Nitaeleza kwa mpangilio, maana mkiyasikia kwa mabaharia mtasikia mengine.

Mnajua nilichofuata. Mama alizaliwa hapa, mtaa wa Buyenzi, wakati mji ukiitwa Usumbura. Macho yake yanafifia. Nilimwahidi picha ya nyumba ya baba yake kabla hayajazima kabisa. Na kwa kuwa sipendi safari ya jambo moja, niliandika orodha ya majengo ya kale nisiyoyajua ila vitabuni: boma la Wajerumani, posta ya Wabelgiji, maghala ya zamani, jumla thelathini. Filamu moja, picha thelathini na sita. Sita za kwanza za nyumba ya Mama. (Hakikini hesabu. Mimi si mtu wa kubahatisha.)

Hapa kuna vita. Hupigi picha hata ya kuku bila karatasi. Nilikaa siku mbili kwenye mabenchi ya ofisi mpaka nikapata kibali chenye mihuri mitatu: kupiga picha Buyenzi na katikati ya mji, Jumapili, mwisho saa sita mchana. Kesho alfajiri boti ya mizigo inanirudisha. Yaani nafasi ilikuwa moja.

Saa tatu kasoro robo niliingia avenyu ya saba. Nimevaa koti jeusi, lile la harusi na misiba, nimebeba kamera na miguu yake mitatu. Daftarini nilikuwa na maneno ya Mama kama alivyoyatamka: nyumba ya nne, kushoto, ina chokaa. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hiyo hapo, nyeupe!

Ila ukutani kulikuwa kumetundikwa shuka. Mbele ya shuka, kigoda. Na kutoka kwenye kigoda, mstari wa watu mpaka kona.

Kabla sijatoa salamu, bwana mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni akanijia mbio.

"We ndio unafika sasa? Tangu saa moja tunakungoja!"

"Mimi?"

"Apana, mi! Hiyo kamera ni ya nani?"

Alikuwa shefu, yaani mkuu wa mtaa. Amri imetoka, kila mtu awe na karata mpya ya utambulisho yenye picha, na mpiga picha kutoka mjini alikuwa ameahidiwa tangu asubuhi. Nikamwambia kwa utulivu kwamba mimi si huyo. Mimi ni mtalii.

Mstari ukapasuka kwa kicheko.

"Mutalii! Burundi! Wakati huu!" Mama mmoja mwenye beseni la samaki alikaa chini kabisa kwa kucheka. "Papa, sisi wenyewe tunatafuta kwa kukimbilia, we unakuja kutembea?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mimi ni mtu wa karatasi. Nikatoa kibali.

Shefu alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akakiinua juu kama kombe la mpira. "Muangalie! Mihuri tatu! Kupiga picha Buyenzi! Leo! Mupaka saa sita! Na anasema si yeye!" Akaomba pasipoti yangu alinganishe jina. Akalinganisha. Akaitia mfukoni. "Utaipata ukimaliza."

(Siku mbili mabenchini, kumbe nilikuwa najitafutia kitanzi, tena chenye mihuri.)

Nilikataa. Nilikataa dakika kumi nzima, kwa hoja zenye namba. Aliyenishinda si shefu. Ni yule mama wa samaki, ambaye sasa hakuwa akicheka.

"Muzee, mi naenda Ruziba kuchukua samaki. Bila karata mpya, kesho askari wa kizuizi ananirudisha. Watoto wangu wane watakula kamera yako?"

Nikatoa sharti moja: watu thelathini na watano, picha ya mwisho ni yangu. Shefu akakubali haraka mno. Ningepaswa kushtuka.

Nikavuka barabara ili nipate umbali. Nikatundika mkoba kwenye komeo la nyumba ya upande wa pili, nikauegemea ukuta wake, kivulini, nikaanza. Sijui kufanya kazi nusu. Kupiga picha nimejifunza mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, na kila kilichomo nikawapa. Kidevu juu. Usicheke.

"Kucheka nini, na vita hii?" mmoja akanijibu.

Jamaa mmoja alikuja, akapigwa, akarudi amevaa kofia. "Huyu ni ndugu yangu," akasema. Nikampiga tena! Kila kitufe kilipobonyezwa nilikata jengo moja kwenye orodha. Boma la Wajerumani lilikwenda na kinyozi. Posta ya Wabelgiji ilikwenda na bwana aliyefumba macho. Maghala yote niliyakabidhi kwa familia moja yenye mashavu. Orodha ilipokwisha, tano kati ya sita za Mama nazo zikaenda. Ya thelathini na tano alijipa shefu mwenyewe, na filimbi mdomoni.

"Sasa bado shangazi yangu," akasema.

Ndugu zangu, nililipuka. Mnanijua, sauti sipandishi hata nikikanyagwa. Leo nilipandisha. Nikawaambia mama yangu alizaliwa nyuma ya shuka ile. Nikawaambia nimevuka ziwa ambalo watu wanalivuka kwa kuja kwetu, si kwa kwenda kwao. Nikawaambia kuna mwanamke Kigoma anayepoteza nuru siku kwa siku, na picha moja iliyobaki si ya shangazi wa mtu yeyote. Nikaunyooshea kidole ukuta. "Shuka chini!"

Shuka ikashushwa. Shefu akavua kofia. Mama wa samaki alipangusa jicho kwa kitenge. Nikapima mwanga, nikashika pumzi, nikapiga. Mtu akapiga makofi.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka bibi mmoja mwenye mkongojo.

"Mwanangu, mama yako nani?"

"Zaituni binti Feruzi."

"Zaituni wa Feruzi mushonaji?"

"Huyo huyo, bibi!"

Akanitazama kwa huruma. Bado naiona huruma ile. "Hapa palikuwa zizi la mbuzi la baba yangu. Hii nyumba tumeijenga Zaituni ameshaolewa."

Nikamwonyesha daftari. Ya nne, kushoto.

"Kushoto ukitokea wapi?"

Mama alihesabu kwa mtu anayeshuka kwenda ziwani. Juu njia ilifungwa na askari, nami nikapanda nikitokea ziwani. (Kipande kile kina nyumba saba kila upande, kwa hiyo ya nne ni ya nne utokako kokote. Ni kushoto tu kulikogeuka.)

Bibi akanyoosha mkongojo, taratibu, kunipita bega. Nikageuka. Mkoba wangu ulikuwa unaning'inia kwenye komeo la babu yangu.

Nilipogeuka ndipo mstari mzima ulipoona mgongo wa koti langu jeusi. Chokaa tupu, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Saa mbili nimeiegemea nyumba niliyoifuata, nikilihutubia zizi la mbuzi! Kicheko kilichotoka hapo sikielezi. Filimbi ilipulizwa.

Filamu nyingine? Jumapili, maduka ya picha yamefungwa. Hata ile niliyopiga sinayo. Shefu aliitoa mwenyewe kwenye kamera, akasema ni mali ya mtaa, akanirudishia pasipoti. Nikadai stakabadhi. (Ndiyo, hata hapo.) Nimepewa, na muhuri wa nne.

Saa saba nilimpigia Mama kwa simu ya jirani yetu wa huko nyumbani. Swali lake lilikuwa moja.

"Umeiona?"

"Nimeiegemea, Mama. Saa mbili nzima."

Akauliza, "Bado inaacha chokaa? Baba alikuwa akituchapa tukiiegemea na nguo safi."

Nitashuka bandarini na koti hili hili, jua liwake lisiwake. Msicheke. Na atakayejitia wema kunipangusa mgongo kabla Mama hajaupapasa, tutakosana mbele ya watu.