Alama Nane za Nasike

Jumatatu, 3 Machi 2008
Shule niliyochagua kwa utafiti wangu wa uzamili ilichomwa Januari, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Watoto wametawanyika. Msimamizi wangu, Daktari Chepkoech, anataka fomu ishirini za usomaji wa darasa la kwanza kufikia Alhamisi. Najma, tunayesoma naye, anafundisha kwenye kambi ya wakimbizi chini ya turubai na tayari ana thelathini. Bahati yake. Mimi nina orodha ya majina ya wanafunzi tu.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana! Shule haipo, nani atauliza? Nimejaza fomu zote hapa nyumbani, mtaa wa Pioneer, kwa kalamu tatu tofauti. Tarehe: 14 Februari. Kimutai nimempa alama nne kwa kumi, isionekane napendelea. Nasike nane. Maelezo: anasoma kwa sauti, anatabasamu.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari amesema maelezo yangu yana uhai. Najma akaomba kuona majina. Wivu, nikajua. Alikaa na fomu ya Nasike muda mrefu, kisha akanakili orodha nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Najma amekuja asubuhi na mama mmoja wa kambini. Ni mamake Nasike. Walipotezana Januari, jioni waliyokimbia kutoka Timboroa. Mtoto alipandishwa lori lingine. Tangu siku hiyo hajamwona, na sasa ameambiwa kuna mwalimu aliyemwona Februari. Nilikuwa tayari kueleza kwamba utafiti una siri zake. Hakuuliza habari za utafiti.

“Mwalimu, alikuwa amevaa nini?”

Nikakaribia kusema sweta ya kijani.

“Na ule mguu? Bado anachechemea?”

Hapo nikashindwa. Nikamwambia, “Mama, sikumwona. Nilijaza mwenyewe.”

Alikaa kwenye ngazi, fomu mkononi. Hakulia. Najma hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari amejua ukweli na kuchana fomu zangu zote. Mwezi mzima nitamsaidia Najma kambini, nianze upya. Najma ametuma orodha kwa walimu wa darasa la kwanza kila mahali wakimbizi walipofika. Mjomba wake Guled, mwenye lori, ameibeba hadi mji wa Ziwa.

Alhamisi, 13 Machi
Nasike yuko hai. Mwalimu mmoja wa Ziwa alilitambua jina. Mfugaji mmoja na mkewe walikuwa wakimlea. Guled amemleta mchana. Mamake alimshika, wakaketi chini pale pale kwenye vumbi. Nilienda nyuma ya turubai nikajifuta macho.

Baadaye nilimpa Nasike kitabu. Aliangalia ukurasa, akamgeukia mamake, akaficha uso. Neno halikutoka. Najma aliniambia niandike hivyo hivyo nilivyoona. Nikaandika: sifuri. Hajaanza kuongea na wageni.

Ijumaa, 14 Machi
Nimewaza sana. Bila fomu zangu Najma asingenakili orodha, na bila orodha mtoto asingepatikana. Nimeliweka wazi hilo kwenye utangulizi wa tasnifu yangu: utafiti huu umemrudisha mtoto kwa mamake. Najma nimemshukuru kwenye tanbihi.

Ila ile sifuri inaharibu wastani. Nimeifanya sita.