Methani ya Sufu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa walimu. Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa anakuja mkaguzi, naye atasikiliza vipindi viwili vya sayansi, changu cha kemia na cha mwalimu wa fizikia. Atakayemridhisha zaidi ndiye mkuu wa idara. Mkuu wa idara! Chumba chenye mlango. Meza yenye droo zinazofunguka. Miaka kumi na tano nasahihisha madaftari juu ya magoti!

Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi wanamwita Betri, alitabasamu tu. Kwa nini asitabasamu? Ana nyaya, ana balbu zinazowaka. Mimi nina chaki. Nafundisha jinsi atomu zinavyoshirikiana elektroni zikawa molekuli, na nani amewahi kuiona elektroni? Nikakimbilia stoo kutafuta sanduku la vile vipira vya plastiki vya kuundia molekuli. Halipo! Nikafungua daftari la kuazimia vifaa nimuumbue aliyelichukua. Saini ya mwisho ni yangu, ya miaka sita iliyopita. Nimelifunga daftari taratibu.

Jumanne, 4 Juni

Wazo! Mama mkwe yuko kwetu mwezi huu, anatibiwa goti. Kutwa anafuma soksi za mjukuu anayetarajiwa kwa shemeji. Kikapuni mwake: donge moja jeusi la sufu, madonge manne meupe, na zile sindano fupi za kufumia zenye ncha pande zote mbili. Kaboni moja, hidrojeni nne. Methani nzima imekaa sebuleni kwangu inanisubiri!

Kumwomba? Thubutu! Mkwe haendewi hivihivi. Ningeanzia wapi: shikamoo mama, naomba hidrojeni? Alipokwenda kliniki na mke wangu, nikahamisha kikapu. Si wizi. Nimeazima bila kumsumbua.

Waliporudi, zogo. Mama mkwe akalalamika kwamba mjukuu wake atazaliwa miguu mitupu. Nilitaka kusema wote huzaliwa hivyo, nikameza maneno. Mke wangu akamshuku paka wa jirani. Nikamuunga mkono kwa moyo wote, nikaongeza kwamba nilimwona kwa macho yangu akiruka dirisha na kitu cheupe mdomoni. Mke wangu akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 5 Juni

Nimeunda methani. Kaboni katikati, hidrojeni nne pembeni, yote imelala bapa kama msalaba, kama ninavyoichora ubaoni siku zote. Nikaipeleka kidato cha tatu kuijaribu. Msichana wa dawati la mbele, ambaye wote humwita Profesa, akanyoosha kidole. Akasema jozi za elektroni husukumana, kila jozi inataka kukaa mbali na wenzake, kwa hiyo hidrojeni haziwezi kulala bapa. Lazima zitawanyike kila upande, digrii mia na tisa na nusu. Nikamwambia mbele ya mkaguzi tutatumia tisini, ni namba ya heshima.

Nimefungua kitabu. Msichana yuko sahihi. Kuna hata picha! Miaka kumi na tano nimekuwa nikiilaza methani chali.

Alhamisi, 6 Juni

Haisimami! Nikichomeka sindano huku, hidrojeni inaning'inia kule. Betri akanikuta stoo nikiwa na sufu shingoni. Akapendekeza tufundishe pamoja: yeye ana mikono mizuri, mimi nina maneno, na cheo apate atakayepata. Ebo! Mtego mtupu. Nikamjibu kila mtu abebe mzigo wake.

Kisha nikaingia darasani nikafundisha uzuri wa kushirikiana. Kila atomu hutoa elektroni moja, zote mbili hunufaika, hakuna anayenyang'anywa. Nilifundisha kwa hisia hadi mtoto mmoja akapiga makofi.

Methani nimekuja nayo nyumbani, iko uvunguni ndani ya mfuko. Stoo Betri angeichungulia.

Ijumaa, 7 Juni

Lo! Lo! Lo!

Asubuhi nilitoka mlango wa nyuma, mfuko begani, mbio. Nyumba za walimu ziko nyuma tu ya uwanja wa shule, hatua mia mbili hazifiki. Sikujua uzi mmoja umenasa kwenye msumari wa mlango.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kipajini, kakaa nyuma ya darasa. Nikafungua mfuko kwa madaha. Hidrojeni tatu nene. Ya nne ndogo kama punje ya mahindi! Mkaguzi akauliza mbona hiyo imekonda. Nikasema bado inakua. Betri, aliyekuwa ameleta viti, akainama ghafla kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Kisha mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Na goti lake bovu, uzi mkononi, anaukunja hatua kwa hatua: kutoka mlangoni kwetu, akavuka uwanja, akapita barazani, hadi mezani kwangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakufoka. Afadhali angefoka! Alisema tu, kwa upole, kwamba ningemwomba angenipa, na sindano angenishikia. Niliona haya kwelikweli, masikio yakawaka moto.

Mkaguzi akamwuliza kama anaweza kukisimamisha kile kitu. Mama mkwe akacheka. Miaka arobaini anachomeka sindano kwenye madonge! Akazichomeka upya: tatu zikatanuka chini kama miguu ya kigoda, moja ikaelekea juu. Betri akashika kaboni. Profesa akapima pembe kwa kipimapembe, akatangaza mia na tisa. Na nusu, akaongeza mkaguzi. Methani ikasimama yenyewe, darasa zima likashangilia.

Uamuzi, baada ya kipindi cha Betri na balbu zake: wakuu wa idara wawili. Mimi na Betri! Chumba kimoja, meza moja, kila mtu atoe alicho nacho. Mkaguzi akanisomea sababu zake kutoka daftari la mwanafunzi. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya jana.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe amenisamehe. Mke wangu bado, kwa sababu ya paka.

Betri kafika mapema, kafuta vumbi, kanipa droo mbili kati ya tatu. Mtu mwema, nakiri. Meza kaiweka katikati kabisa ya chumba, kiti chake huku, changu kule.

Saa ya mapumziko nimesoma ukurasa wa maji. Kumbe! Oksijeni na hidrojeni zinashirikiana elektroni, sawa, lakini oksijeni huzivutia zaidi upande wake. Kitabu kinalieleza jambo hilo waziwazi, wala hakiilaumu oksijeni. Ni sayansi yenyewe hiyo!

Betri alipokwenda kipindini nimeivuta meza upande wangu, upana wa kidole kimoja. Hajagundua. Kesho viwili.