Stika ya Simba kwenye Kioo cha Nyuma

Jumamosi, 9 Machi

Marisa anakwenda Wexcombe! Binti yangu! Mimi niliyeachia shule darasa la sita kule kisiwani kwetu Azori, nitakuwa na mtoto chuo cha Wexcombe!

Jibu lenyewe litatoka tarehe 21. Lakini hayo ni mambo ya ofisi tu. Mama anajua.

Leo nimebandika stika. Hapa Fall River hata mlevi anajua: mtoto akienda chuo, jina la chuo linakaa kwenye kioo cha nyuma cha gari, dunia isome kwenye foleni. Ya Wexcombe ina simba wa dhahabu. Mkubwa! Nimeagiza kwa posta, nimefuta kioo, nimebandika mwenyewe, nimerudi nyuma kumtazama. Nikalia kidogo.

Humberto, mume wangu, kasema nibandue kabla dada yake hajaona. Nikamwambia kwa baridi hii gundi haibanduki. Ukweli, sijajaribu.

Dada yake ndiye wifi Natércia, anakaa ghorofa ya chini yetu. Mwanawe Elídio yuko shule ya serikali, ya bure. Miaka minne wifi ananiimbia ngazini kwamba ada ninayomlipia Marisa Akademia ya Thornley ni upuuzi, kwamba watoto wote wataishia chuo kimoja, kwamba ninalipia tai na sketi ya marinda. Haya! Simba huyo. Asome.

Jumapili, 10 Machi

Amesoma. Kanisa zima limesoma. Humberto aliegesha gari nyuma ya ukumbi kwa aibu, kumbe ndiko watu wanakopita kwenda kunywa kahawa. Davi, mdogo wetu wa miaka sita, akasimama kando ya gari akimwonyesha simba kila anayepita, kwa sauti ya mnada.

Sikusema uongo. Hilo niliweke wazi. Padri aliponipongeza niliinamisha kichwa tu. Bibi Deolinda alipolia begani kwangu nilimpa kitambaa. Wifi akaja na tabasamu lake la upande, akasema hongera wifi, mbona Marisa hajatuambia? Nikamjibu kwamba Thornley wanafundishwa unyenyekevu. Akasema basi siku ya somo hilo mzazi hakualikwa. Mwanamke huyu!

Marisa alirudi nyumbani amejilaza kwenye kiti cha nyuma asionekane. Akaniomba niitoe stika. Kwa sauti ndogo. Nikamwambia Wexcombe wanapenda watoto wanaojiamini.

Alhamisi, 14 Machi

Mpango! Nimeoka mkate mtamu, ule wa mayai mengi, nikaupeleka Thornley kwa Bwana Pruitt, anayewashauri wanafunzi mambo ya vyuo. Nikamwomba apige simu Wexcombe, aseme neno moja tu. Akasema simu hazipigwi. Akala kipande. Nikamuuliza, mdomo wake umejaa, sisi wazazi tunalipia nini hasa? Akasema tunalipia kutafutiwa chuo kinachomkaa mtoto.

Kinachomkaa! Kinachomkaa mtu ni kiatu. Chuo kinatakiwa kimnyamazishe Natércia.

Akanyoosha mkono kuchukua kipande cha pili. Mkate nimerudi nao.

Alhamisi, 21 Machi

Wamekataa.

Marisa alisoma kwenye simu, amesimama karibu na jiko, mimi nakoroga supu ya sukuma wiki. Akasema, "Mama, hapana." Nikamwambia wamekosea, kuna Marisa mwingine. Akazima jiko, akaniketisha kama mimi ndiye mtoto.

Kumbe chuo kikuu cha jimbo kilimkubali tangu Jumamosi ile ya stika. Anataka kusomea ujenzi wa madaraja. Siku ile alishuka mbio kuniambia, akanikuta uani nafuta kioo, simba yuko mkononi, naimba. Akarudi juu. Siku zote hizi amekaa na furaha yake peke yake, kwa kunihurumia mimi.

Supu nimekula. Sijui kama ilikuwa na chumvi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwangua tangu asubuhi. Maji ya moto. Siagi. Draya ya nywele, waya umeshuka toka dirishani. Simba ametoka kichwa tu. Mwili umeng'ang'ania. Gundi haibanduki kweli! Mungu alinisikia.

Natércia akatoka. Nikajiandaa kwa maneno. Hakuwa na maneno, alikuwa na siki na wembe. Akaanzia upande wa mkia, nao ukakataa. Kumbe anajua tangu siku ya kwanza! Elídio naye kakubaliwa chuo hichohicho cha jimbo, na watoto hawa wanaambiana kila kitu. Pale kanisani alijua kwamba Wexcombe hawajajibu. Angeweza kunivua nguo mbele ya Padri. Akanitania tu.

Akauliza, bila kebehi mara hii, "Sasa wifi, miaka yote hiyo umenunua nini?"

Nikakwangua kwa kucha pale kichwa cha simba kilipokwisha toka.

Marisa akajibu toka dirishani. "Shangazi, si unakumbuka nilikuwa siongei kabisa darasani? Kule Thornley tulikuwa wachache, hakuna pa kujificha. Mwalimu alikuwa ananisubiri mpaka niseme."

Elídio, aliyeshika ndoo, akasema wao walijazana na bado kuongea alijifunza. "Ukizaliwa na huyu," akamwonyesha mama yake, "usipopaza sauti hupati hata chakula." Natércia akamrushia kitambaa cha siki.

"Basi wewe ulilipia sauti," wifi akaniambia. "Yetu ya bure."

"Na inasikika kwamba ni ya bure," nikasema.

Tukacheka mpaka tukaegemea gari. Marisa naye, kule juu. Nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimejifunza. Mtoto ni mtoto, stika ni stika. Naandika nisisahau.

Nimenunua ya chuo cha jimbo, nikaibandika juu ya mabaki ya simba. Wifi naye kabandika yake. Yangu kubwa kidogo. (Nilipima.) Mkia unachungulia pembeni. Bibi Deolinda ameuliza habari za Wexcombe, nikamwambia tuliona hakimkai mtoto. Bwana Pruitt ana akili yule.

Kisha nikapiga simu Thornley. Wanapokea hata wadogo! Humberto kashika kichwa. Wifi kapanda ngazi kuniuliza Davi naye atanunuliwa sauti gani, maana jana Jumapili ya Matawi aliimba Misa nzima amesimama juu ya kiti, anawachapa watu kwa tawi lake. Nikamwambia yule ana aibu ya ndani, mama mzazi ndiye anayeiona.

Leo posta imeleta stika nyingine niliyoagiza. Wexcombe. Simba mzima, kichwa chake kipo. Anaenea sawasawa kwenye kioo cha pembeni, upande anaokaa Davi. Nitambandika kabla wageni hawajafika, maana wote nimeshawaita kumpongeza Marisa wangu na Elídio: Padri, Bibi Deolinda, wifi na maneno yake, hata Bwana Pruitt, aje amalize mkate. Nitaoka ule wenye yai zima katikati. Waje wote, Jumapili ya Pasaka, tarehe 31, Misa ikishatoka.