Miwani ya Kibatari

Jumatatu, 3 Machi

Kesho! Saa moja jioni! Miaka tisa nimengoja, na sasa Milima Inayotembea inaingia kwenye televisheni. Riwaya ya juzuu sita. Nimezisoma mara nne, na mara ya nne nilimsomea binti yangu kwa sauti, kurasa kumi kila jioni, mpaka koo likanikauka. Mwandishi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nikikutana na mama yule nitamshika mkono nisiuachie. Nani mwingine angethubutu kutupa shujaa asiyeona mbali? Kibatari, msichana wa miaka kumi na miwili, miwani nene kama vitako vya chupa. Anapotea njia kwa sababu ya macho yake, anakaa juu ya kilima apumzike, anavua miwani aifute, na kilima kinamwuliza anafanya nini mguuni pake. Kumbe ni joka! Mwenye macho mazima angeshakimbia. Nikifika ukurasa ule mwili hunisisimka mpaka leo.

Na si fasihi tu. Mimi ni fundi lenzi. Duka la miwani, meza ya nyuma, mashine ya kusagia. Mwaka jana daktari wetu alimpima binti yangu akakuta haoni ubao. Nikamtengenezea miwani kwa mikono yangu. Akaigomea miezi mitatu. Nilibembeleza, nikafoka, nikanunua hadi keki. Wapi! Kibatari ndiye aliyemvisha. Sasa anaivaa kila siku, na ameshalitangazia darasa lake zima kwamba kesho wataona shujaa mwenye miwani kama yake. Mke wangu anasema nipunguze presha. Presha ipi? Nimetulia kabisa. Viti nimeshavipanga tangu asubuhi.

Jumanne, 4 Machi

Wamemvua miwani.

Nimekaa hapa na kalamu na sijui niandike nini kingine. Kibatari wa televisheni ana miaka kama ishirini na miwili, kope ndefu, nywele zinapepea hata ndani ya pango. Anaona joka kutoka ng'ambo ya bonde! Analionyesha kwa kidole! Halafu anakimbia! Ala! Akishakimbia hadithi inabaki na nini? Nilisimama nikaieleza televisheni makosa yake moja baada ya jingine. Mke wangu akaniomba nikae, namzibia.

Nikubali kitu kimoja: sauti ya joka ilikuwa safi sana. Nzito, ya upole, kama nilivyoisikia kichwani miaka yote hii. Na farasi walikuwa wazuri.

Matangazo yalipoanza binti yangu alivua miwani, akaifunga kwenye kasha lake, akaenda kulala bila kula.

Jumatano, 5 Machi

Miwani imebaki kwenye droo. Darasani wamemwita mwongo. Nilimwambia huenda Kibatari amevaa zile lenzi za ndani ya jicho. Akaniuliza zilikuwapo enzi za majoka? Nikamwambia amalize chai.

Kazini mambo yaleyale. Mwenzangu wa mbele, muuza fremu, ambaye sote tunamwita Bwana Fremu, ameipenda tamthilia! Anasema imeboreshwa. Imeboreshwa kuliko nini, wakati hajasoma hata jalada? Anasema msichana mzuri vile akivishwa miwani ni kumharibu. Mtu anayelishwa na miwani ndiye anayesema hivyo! Nilipandwa na hasira nikasaga lenzi ya kulia nikaitia kushoto. Mteja, dereva wa lori, akatoka nayo, akarudi akishika ukuta, akilalamika kwamba barabara imeinama. Bwana Fremu ndiye aliyegundua kosa. Sikumshukuru.

Ila nimepata wazo. Kubwa! Wao wamemvua miwani, mimi nitamvisha.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika utaratibu wote, maana kazi kama hii haifai kupotea.

Kwanza, vipimo. Fundi lenzi haanzi bila kujua umbali wa mboni kwa mboni. Nikarudia kwenye televisheni sehemu ya kwanza, niliyoirekodi, nikaisimamisha uso wa Kibatari ulipojaa kioo, nikapima kwa rula ya kazini. Sentimita kumi na nne kamili. Nikakunja waya, nikauzungushia utepe mweusi, nikapata fremu moja safi, daraja la pua limekaa sawa, nikaibandika juu ya kioo kwa gundi yetu ya dukani. Nikarudi nyuma nikaitazama. Machozi yalinilenga. Kibatari wetu amerudi!

Nikamlazimisha binti yangu aje kutazama sehemu ya pili. Akaja kwa shingo upande, akakaa kochi la mwisho kabisa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba watu wa televisheni hawatulii. Miwani ilimkaa Kibatari sekunde mbili. Baadaye ikavaliwa na matako ya farasi. Ikavaliwa na kitambi cha mfalme, kitovu katikati ya daraja la pua. Kwenye matangazo ikavaliwa na mtoto mchanga ndani ya beseni la sabuni, na haki ya Mungu ilimpendeza. Mke wangu alicheka mpaka akashuka kwenye kiti.

Binti yangu hakucheka. Aliuliza mama anacheka nini. Nikamwambia atazame televisheni. Akasema anatazama, anaona rangi tu zinapita.

Mtoto haoni mbali. Mpango wangu wote, waya, rula, gundi, ulikuwa ni kumwonyesha kitu kilicho mbali mtoto aliyevua miwani. Miaka kumi na saba nipo kwenye kazi hii!

Mke wangu alikuwa bado anapangusa macho, hawezi kueleza. Binti yangu akangoja, akachoka, akaenda kufungua droo. Akarudi ameivaa, akatazama. Saa hiyo jenerali wa majoka alikuwa anahutubia jeshi, miwani iko kwenye kwapa lake. Mtoto alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Siku mbili sikuwa nimeisikia sauti ile. Basi, nikasema, nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Sijashinda. Shuleni ameenda bila miwani. Anasema nyumbani ni nyumbani.

Gundi ya dukani haibanduki. Imetengenezwa isibanduke. Mke wangu ameanza kuizoea. Msoma taarifa ya habari amevaa miwani jioni nzima, duara moja likiwa begani.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya, wa kisomi. Nimetoa nakala za kila ukurasa ambapo miwani ya Kibatari imetajwa. Kurasa mia na kumi na nane. Nimezipigia mstari. Jumatatu nitaingia darasani mwenyewe, nimevaa koti jeupe la kazini, nitoe ushahidi, kisha nipime macho ya wale waliomwita mwongo, nianze na mwenye mdomo zaidi.

Nilimweleza binti yangu. Akaniomba, kwa adabu zote, nisikanyage shuleni. Akasema anachotaka ni juzuu ya kwanza tu, kitabu chenyewe, si nakala. Nikamwuliza atafanyaje bila mpango? Akasema atakisoma.

Atakisoma! Ndio mkakati huo? Nimempa, lakini nina wasiwasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikaa kazini roho mkononi. Bwana Fremu alininunulia chai bila kuombwa, akauliza kama mtoto hajambo. Si mtu mbaya.

Niliaga kazini mapema; binti yangu akarudi nyumbani saa tisa, ameivaa miwani. Akasimulia huku anavua viatu, kama jambo la kawaida. Alimwomba mwalimu dakika tano, akasimama mbele, akasoma ukurasa wa kilima. Yule wa kwanza kumwita mwongo aliomba arudie pale joka linapoongea. Kengele ikalia hawakutoka. Wasichana wawili wa nyuma wakatoa miwani kwenye mabegi yao. Hakuna aliyejua kwamba wanazo! Sasa kuna orodha ya wanaongojea kitabu, na mwalimu kajiandika wa tatu.

Nikamwuliza kilichomfanya aivae, maana cha kusoma kiko karibu, angekisoma bila miwani. Akasema alitaka kuziona nyuso za waliomwita mwongo, mpaka dawati la mwisho.

Nilienda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Mwanangu! Mwandishi ametuandikia shujaa, televisheni ikamharibu, na mtoto wa miaka kumi na mmoja akamrudisha kwa dakika tano na ukurasa mmoja. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Ni wazi, lakini, kwamba chanzo cha yote ni fremu yangu ya waya.

Jumatano, 12 Machi

Jana tulitazama sehemu ya tatu, sote watatu, binti yangu akiorodhesha makosa. Kumi na tisa. Mimi nilipata kumi na mawili. Bwana Fremu ameazima juzuu ya pili kabla ya ya kwanza kwa sababu foleni ni ndefu.

Leo nimeona jambo jingine. Mke wangu anasoma gazeti mkono umenyooka wote, anawalaumu wachapaji. Macho yanayotaka miwani ya kusomea hayo! Binti yangu anashauri nimwambie tu mama yake twende dukani daktari ampime. Mtoto bado mdogo, hajui mambo haya yanavyoendeshwa.

Nimenunua daftari. Nitaandika riwaya, juzuu sita. Malkia wa miaka arobaini na minne, mrembo kupita kiasi, amekabidhiwa ramani ya kuuokoa ufalme, na mkono wake haufiki mbali vya kutosha aisome. Sura ya kwanza imekamilika. Nikaliacha daftari wazi mezani, makusudi, nikajificha nyuma ya mlango.

Mke wangu alilichukua. Akalisogeza mbali. Akalisogeza mbali zaidi. Akalirudisha mezani, akaniita akaniuliza mbona orodha ya sokoni leo ni ndefu hivi.

Hakuna shida. Kesho naiandika upya kwa herufi kubwa.