Betri ya Kaliua na Harusi ya Bertila

Jumatatu, 11 Julai 1955

Baridi kali. Gari haliwaki! Nikivuta stata linasema "tk", basi. Nikachukua hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Hendeli ikarudi kinyume, ikanipiga kifundo cha mkono. Kwa hasira nikaitupa chooni. Sasa kifundo kimevimba na hendeli sina. Najuta kidogo.

Jumamosi shemeji yangu Bertila anaolewa, kanisani Ipuli. Nimemwahidi mama mkwe, mbele ya ukoo mzima, kwamba bibi harusi atapelekwa kwa gari la Justus. Nikishindwa atapandishwa lori la jirani yangu Abasi. Abasi! Lori lake linawaka kila alfajiri chini ya dirisha langu. Nadhani hufanya makusudi.

Mke wangu ameshauri nimwombe Abasi alitazame gari. Nimemjibu afadhali nimbebe Bertila mgongoni. Akasema basi nianze mazoezi.

Jumanne, 12 Julai

Nimegundua ugonjwa. Betri imekufa! Niliwasha taa, zikatoa mwanga wa njano kama njiti ya kiberiti inayoisha, kisha giza. Nina akili sana nikiachwa peke yangu.

Fundi Shilinde wa Kaliua ana betri nzuri, ameitoa kwenye lori lililopinduka. Yeye anapenda asali. Mimi nauza asali. Kesho napanda treni na debe langu.

Jumatano, 13 Julai

Kaliua. Shilinde akaonja, akalamba vidole, akanipa betri. Akanieleza jambo moja, tena akarudia: "Kwa gari lako, bwana, upande wenye alama ya kujumlisha unafungwa kwenye bodi. Magari mengine ni kinyume. Usichanganye." Nikamwambia nimeanza kuendesha magari yeye akiwa bado ananyonya. Si kweli, lakini alinikera.

Nalala kwake. Anakoroma.

Alhamisi, 14 Julai

Nimerudi na treni ya asubuhi, betri mapajani, nimeifunika koti langu la harusi ili wezi wasiione. Kumbe inavuja asidi! Tulipokaribia Tabora mapaja yakaanza kuwasha. Niliposimama, suruali ilikuwa na matundu pahali pabaya. Mama mmoja akamfunika binti yake macho. Nimetembea kutoka stesheni hadi Isevya nimeishika betri mbele yangu. Nzito mno, lakini heshima imelindwa.

Mchana nikaifunga. Niliwafukuza kuku kwanza, maana hulala ndani ya gari. Kisha nikaitazama ile alama ya kujumlisha. Ni msalaba kabisa! Nikajiuliza: mimi Mkatoliki, nifunge msalaba kwenye bodi lenye matope na mavi ya kuku? Haiwezekani. Shilinde hajabatizwa, hakuliona hilo. Nikaufunga kwenye waya unaokwenda kwenye stata. Vishikio vya nyaya viligoma kuingia kwenye betri, kimoja kikubwa mno, kingine kidogo mno. Nikatumia nyundo.

LIKAWAKA! Mara moja! Nikapita mbele ya nyumba ya Abasi, nikarudi, nikapita tena. Hakuwa barazani, kwa hiyo nikapiga honi mpaka akatoka. Mshale wa kipimo cha umeme ulikuwa umelala upande usio wake. Nadhani ni furaha. Kulikuwa pia na harufu ya kitu kinachoungua. Bila shaka Abasi alikuwa anachoma takataka.

Ijumaa, 15 Julai

Leo hata "tk" hakuna.

Nilikuwa nimeinamia injini Abasi alipokuja bila kuitwa. Akatazama kwa muda wa kupiga chafya moja. "Bwana Justus, umeifunga kinyume. Umeunguza dainamo, haitachaji betri tena." Nikamwambia nilikuwa nalijaribu tu. Akageuza nyaya mwenyewe. Akasema nguvu iliyobaki haiwezi kuzungusha stata. Likisukumwa litawaka, ila likizimika, basi tena. Akaongeza kwamba lori lake lina nafasi ya Bertila na kwaya nzima. Nikamshukuru, nikakataa. Mke wangu akamletea Abasi chai. Hilo ndilo baya zaidi.

Nimewaza mpaka ugali ukapoa. Nina mpango!

Jumamosi, 16 Julai

Asubuhi nimemwendea mama mkwe kwa adabu zote. Nikamweleza kwamba injini ni ya kubebea mizigo. Bibi harusi wa heshima husukumwa kwa mikono ya wanaume wa ukoo wake. Nikadai ndivyo wanavyofanya Ulaya. Akafurahi mno! Akaamuru wajomba wote wavue makoti.

Safari gani ile! Wazee wakakumbuka nyimbo walizoimba baba zao wakibeba pembe kwenda pwani, na kwa nyimbo hizo za wapagazi gari likaondoka Isevya, Bertila ndani kama malkia, mimi kwenye usukani, vigelegele kila upande. Abasi alifuata nyuma na lori, polepole, kwaya imejaa. Nikampungia mkono.

Penye mteremko wa kanisa mguu wangu ukateleza kwenye klachi. Likawaka! Hapo ndipo shida ilipoanza. Nikisimama, litazimika, na maarusi watarudi na nani? Na Abasi! Kwa hiyo nikalizunguka kanisa. Padri alikuwa mlangoni na bwana harusi, Marko, ua kifuani. Mara ya kwanza walinipungia. Mara ya pili Marko alianza kukimbia sambamba na dirisha. Bertila akapiga kelele: "Shemeji, simama niolewe!" Nikamweleza habari ya dainamo. Hakuijali hata kidogo. Tulipopita tena mlangoni akakusanya gauni, akafungua mlango, akaruka.

Marko akamdaka! Watu wakashangilia. Wanasema Tabora nzima haijawahi kuona mume akimpokea mkewe vizuri namna ile. Padri akawahimiza waingie upesi, kabla sijazunguka tena. Nikaendelea mpaka petroli ikaisha, kumbe ni wakati wa kiapo. Kukawa kimya. Kupitia dirisha la kanisa nikamsikia Bertila akisema "Ndiyo". Nimelia kidogo.

Maarusi wamerudi na lori la Abasi. Gari langu pia, kwa kamba. Lakini kwenye karamu mama mkwe ametoa firigisi na kuniwekea mimi kwenye sahani. Si Abasi. Mimi!

Jumapili, 17 Julai

Siku nzuri. Baada ya misa maarusi wamekuja kutusalimu. Wamepewa zawadi ya redio, mpya kabisa, lakini haitoi sauti. Marko akauliza ni nani mjini anaweza kuitazama. Bertila akasema haraka: Abasi. Mke wangu akasema haraka zaidi: Abasi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuichukua.

Nimeifungua mezani. Ina skrubu nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimezitoa zote. Nusu yake naona ni za pambo tu.