Kisanduku cha Magige Kimekataa Kulala

Jumatatu, 9 Juni
Hatujambo hapa Makoko. Mume wangu Baltazari mzima, goti tu. Mwanangu Magige mzima, amekonda. Mkewe Tabitha mzima, anakula vizuri sana. Kuku wazima. Mimi siyo mzima. Wivu!

Wankyo, mama yake Tabitha, kapiga simu toka Nyasura, kule Bunda. Eti kamfagilia Magige chumba cha kufanyia kazi, na kochi. Kochi! Tangu lini mwanaume akahamia ukweni?

Nitampikia uji wa ulezi mpaka asahau njia ya Bunda. Ulezi wa kaka yangu, wa Butiama. Kinu nimekiweka chini ya dirisha lake, aone mama anavyotoka jasho.

Jumanne, 10 Juni
Magige anatengeneza kisanduku cha kulinda zizi. Ijumaa anakionyesha kwa wafugaji wa Bunda. Wakikikataa, hana kazi. Kinalalaga ili betri isiishe, geti likitikisika kinaamka. Leo kimekataa kulala! Akanieleza: kabla ya kulala kinanyamazisha kengele zake zote, inabaki moja, ya mtikisiko. Hiyo ikilia kikiwa kinafumba macho, kinaamka palepale, kisije kikamkosa mwizi. Leo inalia tu, hajui nani anaigusa.

Kinu changu! Puu, sakafu inatetemeka.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Lakini akasema kisipolala hatoki hapa. Nikatwanga debe lingine.

Jumatano, 11 Juni
Kwenye kompyuta kaandika maagizo ya kisanduku, kafuta, kaandika. Mchana kainyamazisha na kengele ya mtikisiko. Kikalala fofofo! Baltazari akatikisa geti mpaka bawaba ikang'oka, kisanduku kimya. Akasema sasa kimekuwa mlinzi kamili. Magige hakucheka. Hata uji hakugusa.

Tabitha akaniuliza, mama, uji wote huu wa nani? Nikasema wa kuku. Akakiangalia kinu muda mrefu.

Alhamisi, 12 Juni
Wameondoka, wao na kisanduku. Magige kairudisha kengele, anasema labda ziwa linaitetemesha Makoko. Kwa mama mkwe kumetulia. Nimelilia ulezi.

Jumamosi, 14 Juni
Wafugaji wamekipenda! Kililala, kikaamka, kikalala. Wameagiza vya mazizi kumi na mawili. Asante Mungu. Lakini Wankyo kanipigia, eti kwake hata mashine zinapumzika. Na Magige atakaa huko mwezi mzima!

Nimewaza. Nimepata. Kinu kinaondoka na gari la asubuhi, na gunia la ulezi, zawadi kwa Wankyo. Nimemwagiza Tabitha: mama yako atwangie karibu na dirisha, Magige anapenda kusikia. Halafu nijibu haraka, mwanangu, haraka: kimelala?